Bastola Yako Ina Leseni: Sasa Unaweza Kwenda Nayo Wapi?

Tunduma ni mji wa fedha taslimu. Malori ya Zambia na Kongo hupanga foleni barabarani, na kando yake wapo wanaobadilisha kwacha na shilingi, wanaonunua mahindi kwa magunia na wanaosubiri kahawa ya Mbozi. Wengine wametoka na dhahabu Saza na Mkwajuni na hawataki kulala nayo nyumba ya wageni. Mtu anayefunga duka saa mbili usiku akiwa na mauzo ya siku nzima mfukoni ana sababu ya kutazama nyuma. Baadhi ya watu wa aina hiyo wamefuata utaratibu, wakahojiwa, wakasubiri, na mwisho wakapata leseni ya kumiliki bastola au bunduki ya kujilinda.

Baada ya hapo huja swali ambalo wengi huliuliza wakiwa wameshachelewa: je, sasa ninaweza kutembea nayo popote? Hapana. Leseni inakuruhusu kumiliki silaha fulani kwa sababu fulani. Haikufanyi askari, wala haifuti sheria nyingine zinazolinda mipaka, hifadhi, majengo ya watu na utulivu wa umma. Makala haya yanaeleza silaha inapaswa kuishia wapi katika maisha ya kawaida ya mkazi wa Tunduma, Vwawa, Mlowo, Ileje au bonde la Rukwa.

Kumbuka sababu uliyoiandika

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Chini yake, silaha haimilikiwi kwa mazoea wala kwa ukubwa wa biashara. Inamilikiwa kwa leseni yenye jina la mtu mmoja, aina ya silaha na namba yake. Ombi huanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji wanaokufahamu, likapanda ngazi hadi kwenye vyombo vya usalama na Polisi. Huko utaulizwa kwa nini unaihitaji silaha hiyo.

Jibu ulilotoa ndilo kipimo bora cha kila safari yako. Kama ulisema unalinda fedha za biashara, silaha ina kazi kati ya nyumbani, dukani na mahali unapopeleka fedha. Kama ulisema unalinda shamba dhidi ya ngedere na nguruwe pori, kazi yake iko shambani. Ukijikuta mahali ambapo sababu ile haiwezi kusimama mbele ya askari au hakimu, ujue umekwenda mbali kuliko leseni yako. Silaha hufuata sababu yake, na sababu hiyo haikufuati kila uendako.

Kipimo hiki kinaendana na Kanuni ya Adhabu, ambayo inalifanya kosa tendo la kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Hapo hata mwenye leseni halali anaweza kujiingiza matatani bila kufyatua risasi hata moja. Kuiweka bastola juu ya kaunta ili mdaiwa aione, kufunua shati kwenye ugomvi wa maegesho, au kuipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp ili washindani wako wajue "uko kamili", yote hayo ni kutangaza vitisho. Mwenye silaha mwenye busara hajulikani na mtaa kwamba anayo.

Nyumbani, dukani na benki

Nyumbani silaha ikae kwenye kasiki la chuma lililofungwa ukutani au sakafuni, na ufunguo uwe kwako wewe mwenye leseni. Chini ya mto, juu ya kabati na ndani ya sanduku la nguo si mahali pa kuhifadhi. Watoto hupafahamu kabla ya wezi. Risasi zikae mbali na silaha, nazo zifungiwe.

Ukitoka nayo, bastola ikae kwenye ala yake imara, imefunikwa na nguo, na leseni iwe mfukoni mwako. Kuichomeka kiunoni bila ala ukapanda bodaboda kutoka Mpemba hadi mjini ni kuomba iangukie lami. Usiiache kwenye gari, hata kwa dakika chache za kununua vocha: gari likivunjwa, aliyeiba ana bastola na wewe una maelezo ya kutoa polisi. Bunduki ndefu isionekane mikononi mjini kwa sababu yoyote. Ikiwa unaipeleka shambani au kwa fundi aliyeruhusiwa, iwe tupu, imefungwa kwenye mfuko wake, na risasi ziwe peke yazo.

Benki ndiko wengi hudhani silaha inaruhusiwa zaidi, kwa kuwa ndiko fedha inakopelekwa. Fikiria upande wa pili. Mlangoni kuna askari mwenye bunduki ambaye kazi yake ni kumtilia shaka kila mtu anayeingia na kitu kizito kiunoni. Kabla ya siku ya kupeleka fedha nyingi, zungumza na meneja wa tawi akueleze utaratibu wao: wapi utaegesha, nani atakupokea, na kama silaha inaachwa kabisa nyumbani. Afadhali zaidi, punguza fedha inayosubiri. Ukipeleka mauzo benki mara mbili kwa siku mchana, ukilipwa kwa simu, na usiporudi nyumbani kwa njia ile ile saa ile ile, utakuwa umejilinda kuliko bastola inavyoweza kukulinda. Jambazi anayekufuatilia huja na wenzake, tena huanza yeye.

Mahali pa kuiacha bila kujadiliana

Baa ni mahali pa kwanza. Mwaka 2021, katika baa moja ya Sinza, Dar es Salaam, kijana aliyekuwa na bastola alimpiga risasi mwenzake kisha akajiua. Ugomvi ambao ungeishia kwa meza kupinduliwa na watu kununiana uliishia kwa misiba miwili. Ukipanga kunywa, hata chupa moja, silaha ibaki kwenye kasiki kabla hujatoka nyumbani. Kupanga kumpa mhudumu wa kaunta akutunzie ni kosa jingine, maana naye hana leseni.

Mahali pa pili ni penye mikusanyiko ya kisiasa na uchaguzi. Kwenye mkutano wa kampeni, kituo cha kupigia kura au maandamano, silaha yako ya kulinda duka haina kazi yoyote ya halali. Hata ukiwa umenyamaza pembeni, vurugu ikizuka wewe ndiye utakayetazamwa kwanza, na Polisi hawatakuwa na muda wa kusoma leseni yako.

Mahali pa tatu ni mahakamani, shuleni, hospitalini na kwenye nyumba za ibada. Wapo wanaoona kwamba msikitini au kanisani hakuna ubaya kwa kuwa wanakwenda kwa amani. Lakini mwenye jengo ana haki ya kusema nani aingie na nini, na ukikuta tangazo la kukataza silaha, au ukiambiwa kwa mdomo, usibishane. Kubishana mlangoni ukiwa na bastola kiunoni kunageuka haraka kuwa kitu kingine.

Mahali pa nne ni harusini na msibani. Desturi ya kufyatua risasi hewani kwa furaha haina nafasi katika sheria wala katika akili. Risasi inayopanda lazima ishuke, na mji kama Tunduma hauna uwanja mtupu wa kuipokea.

Mpakani, leseni yako inakufa

Hili ndilo jambo linalowahusu watu wa Mkoa wa Songwe kuliko Watanzania wengi. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa na mstari. Watu huvuka kununua sukari, kula chakula cha mchana, kumtembelea shemeji, kudai deni. Wengine hupita kituoni, wengine hupita vichochoroni kana kwamba wanakwenda mtaa wa pili. Ukifanya hivyo na bastola kiunoni, hatua moja tu inakugeuza kutoka mmiliki halali hadi mtu mwenye silaha bila kibali katika nchi ya kigeni.

Zambia ina sheria yake ya silaha na polisi wake ndio wanaotoa leseni huko. Leseni ya Tanzania haitambuliki Nakonde, kama ambavyo ya Zambia haitambuliki Tunduma. Itifaki ya SADC ya mwaka 2001 kuhusu udhibiti wa silaha, na ile ya Nairobi ya mwaka 2004, ziliwekwa ili nchi zibane silaha ndogo zinazovuka mipaka. Hazikuwekwa ili mtu wa Chapwa avuke na yake. Hata kati ya nchi za Afrika Mashariki, sheria ya pamoja ya forodha ya mwaka 2004 inaziweka silaha na risasi katika bidhaa zenye masharti: haziingii wala kutoka bila kibali.

Usitegemee kuuliza ukishafika. Tangu Kituo cha Huduma kwa Pamoja kilipozinduliwa rasmi na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu Oktoba 5, 2019, anayekwenda Zambia hukamilisha taratibu za nchi zote mbili upande wa Nakonde. Maana yake ni kwamba unapokutana na ofisa wa Tanzania wa kukugongea muhuri, miguu yako tayari iko kwenye ardhi ya Zambia, na silaha yako pia. Swali lako liulizwe mapema, katika kituo cha polisi cha Tunduma, na silaha ikiwa nyumbani.

Kwa anayepanda treni ya TAZARA tahadhari ni ile ile: kituo cha Tunduma ndicho mwisho wa leseni yako hata kama tiketi inafika Kapiri Mposhi. Na kwa ndugu zetu wa Ileje, Isongole inaelekea Malawi, ambako pia leseni yetu haina nguvu. Kuvuka Mto Songwe na bunduki kumfuata ng'ombe aliyepotea kunaweza kuonekana jambo dogo kijijini, lakini kwa askari wa upande wa pili ni mgeni mwenye silaha ameingia nchini.

Ikiwa kweli unahitaji kuvuka na silaha, kwa mfano kwa safari ya uwindaji iliyolipiwa, unahitaji kibali cha kuitoa Tanzania na kibali cha kuiingiza kule, vyote viwe mkononi kabla ya siku ya safari. Vinginevyo iache kwenye kasiki, au uombe kuihifadhi kituo cha polisi hadi urudi, ukipewa hati ya kuipokea.

Barabara kuu na hifadhi zilizo njiani

Tuseme unakwenda Dar es Salaam na silaha kwa sababu halali. Kwanza jiulize kama sababu hiyo inasafiri nawe. Bastola ya kulinda duka la Tunduma haina kazi kwenye hoteli ya Kariakoo. Ukiona kweli inakulazimu, nenda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya kabla ya safari, mweleze unakokwenda na kwa muda gani, na uombe barua.

Barua hiyo ina maana zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu barabara ya Dar es Salaam inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, inakataza kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali. Anayekwenda Mpanda kupitia Sumbawanga naye hukatiza Hifadhi ya Katavi. Jambo la kibali uliulizie kabla ya kuondoka, si ukiwa umeshafika kwenye kibao cha kuingilia hifadhi. Ndani ya eneo hilo silaha iwe tupu na imefungwa, usisimame njiani, usishuke kupiga picha ya twiga, na usichepuke kwa sababu yoyote. Mtu aliyekutwa nje ya gari hifadhini akiwa na bunduki ana maelezo magumu ya kutoa.

Kwenye vizuizi vya polisi, na barabara yetu inavyo vingi, sema mwenyewe kabla hujaulizwa. Weka mikono juu ya usukani, washa taa ya ndani kama ni usiku, kisha sema kwa utulivu: "Afande, nina bastola yenye leseni, iko kiunoni upande wa kulia. Nifanyeje?" Subiri akuelekeze. Usiitoe ili umwonyeshe. Askari akiona mkono unaingia kiunoni hatangoja kuona unachotoa.

Kwenye basi, silaha isiingie kwenye buti pamoja na mizigo ya watu. Ikiwa huwezi kuihifadhi mwilini ikiwa tupu na salama kwa saa zote za safari, basi si chombo sahihi cha kusafiria nayo. Kwa ndege, mambo ni ya wazi zaidi. Ukipandia Uwanja wa Ndege wa Songwe, ambao licha ya jina lake uko mkoani Mbeya, lijulishe shirika la ndege siku kadhaa kabla, na uwanjani uitangaze silaha kwa Polisi kabla ya ukaguzi. Itasafiri tupu, kwenye kisanduku kilichofungwa, katika mizigo ya chini. Taratibu za kimataifa za usafiri wa anga zinaweka ukomo wa kilo 5 za risasi kwa abiria mmoja. Risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa begi la mkononi inatosha kukukosesha ndege na kukupeleka kituoni, kwa hiyo kung'uta begi lote usiku kabla ya safari.

Pori nalo lina mwenyewe

Katika bonde la Rukwa na Momba wapo wenye bunduki za kulinda mazao na mifugo, na wapo wazee waliorithi magobole. Kwao kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, leseni ya silaha si leseni ya kuwinda. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inataka kibali cha kuwinda, na inakataza kuingia na silaha kwenye pori la akiba bila ruhusa. Ukimfuata nguruwe pori kutoka shambani mwako akavuka mpaka wa hifadhi, rudi. Nyara za Serikali zikikutwa nyumbani kwako, hutaulizwa tena habari ya shamba.

La pili, gobole ni silaha. Umri wake, kutu yake au fundi wa kijijini aliyelitengeneza haviliondoi katika sheria. Lisilo na leseni lisalimishwe. Serikali imewahi kutoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, ukiwemo ule wa Septemba na Oktoba 2022, na Umoja wa Afrika umeufanya mwezi wa Septemba kuwa wa msamaha wa aina hiyo kila mwaka hadi 2030. Sikiliza matangazo ya Polisi, na upeleke kupitia mwenyekiti wa kijiji kwa mpango, usibebe tu ukaonekana njiani.

Silaha haiazimwi

Hapa ndipo watu wema huharibikiwa. Dereva wako anapeleka fedha Mlowo, unampa bastola yako "kwa leo tu". Mlinzi wa ghala amelalamika kuwa analala na rungu, unamwachia bunduki. Mdogo wako anasafiri usiku, anaomba. Kila mmoja wa hao, dakika anapoishika bila leseni yake mwenyewe, anamiliki silaha kinyume cha sheria. Kosa hilo limeingizwa katika makosa ya uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 adhabu chini ya sheria ya uhujumu uchumi ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Ukihitaji mlinzi mwenye silaha, ajiri kampuni ya ulinzi iliyoruhusiwa, nayo ije na mlinzi wake na silaha yake.

Vivyo hivyo mwenye silaha akifariki, leseni haiingii katika mirathi. Familia iikabidhi silaha kwa Polisi mapema na kupata maelekezo. Leseni iliyokwisha muda nayo haikulindi. Itazame tarehe leo, si siku utakayosimamishwa. Silaha ikipotea au kuibwa, toa taarifa kituoni mara moja, hata kama unaona aibu kueleza ilipotelea wapi.

Ukilazimika kuitumia

Kuibeba kihalali hakumaanishi kila risasi utakayofyatua ni halali. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujitetea na kutetea mwingine au mali, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Mwizi anayekimbia na boksi la soda amekwisha kukupa kisogo, na hatari kwa maisha yako imekwisha. Ukimpiga risasi ya mgongoni, kesi itakuwa yako, nayo inaweza kuwa ya mauaji. Baada ya tukio lolote la risasi, piga simu polisi, omba msaada wa majeruhi, usihamishe kitu, na usiondoke na silaha kwenda kuificha.

Maswali ya kujiuliza mlangoni

Kila unapotaka kutoka na silaha, simama mlangoni ujiulize: leseni iko hai na iko mfukoni? Ninakokwenda, ile sababu niliyopewa leseni ipo? Nitapita mpakani, hifadhini, au penye pombe? Mwenye mahali ninapokwenda anaruhusu? Nikilazimika kuivua, nitaiweka wapi pasipo mtu mwingine kuigusa? Jibu moja likikataa, silaha ibaki.

Na pale unapokuwa na shaka kuhusu mahali fulani, chukua leseni yako peke yake uende kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya ukaulize, na uombe jibu la maandishi. Swali halina gharama, na si kosa. Silaha isiyo na kazi pale unapokwenda, iache kwenye kasiki.